Udongo wa Mama Mukwe

Kwetu mjini Baraka, katika ukoo wetu na koo za jirani, mwanamke haanzi shimo lake la kulowekea mihogo na maji matupu. Lazima apewe udongo. Mama mukwe anakwenda kwenye shimo lake la zamani kando ya kijito, anachota tope la chini kabisa, lile jeusi linalonuka mpaka mbwa wanageuza njia, analitia katika chungu kidogo, anafunika kwa jani la mgomba, anamletea muke wa mutoto wake. Bibi arusi analimwaga katika shimo lake jipya, na toka hapo mihogo yake inalainika kama mihogo ya kule alikoolewa. Ukiona mwanamke amepewa udongo, usiulize tena kama ukoo umemkubali.

Mimi nilipewa kabla ya mahari kwisha. Nalisema mapema kwa sababu wako watu hapa wanaodhani nilijisukuma katika nyumba ile. Bongo tupu, uongo! Yule mama alikuja mwenyewe kwa miguu, chungu kichwani, kikwembe chake cha kanisani kiunoni, akaketi barazani kwa mama yangu, akasema kwamba mimi amekwisha kuniita mukamwana, mke wa mwanawe, na mahari itafuata nyuma. Mama yangu akachinja kuku. Mimi nilijificha jikoni kwa haya, nikicheka peke yangu kama kichaa.

Nilikuwa mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari. Ilikuwa ile miaka ya Chama kimoja, nchi ikiitwa Zaire na kila mtu akiitwa sitwayeni, yaani raia, mkubwa kwa mdogo. Jina langu la ubatizo lilikuwa limekatazwa kwa amri kutoka juu, nikatafutiwa jina la mababu kama watu wote. Kwa hiyo kunyang'anywa jina nilikuwa nimekwisha kukuonja. Nilidhani basi, nimezoea.

Mchumba wangu alifundisha kemia katika shule ileile. Tulisoma pamoja Bukavu miaka mitatu ya kwanza ya chuo, tukarudi wote wawili bila ile miwili ya mwisho, maana nafasi zilikuwa za watu wenye watu wao. Kisha siku moja prefe, ndiye mkuu wa shule, akatuambia kwamba chuo kimetupa nafasi moja. Mwalimu mmoja, si wawili, angerudi kumaliza, mradi alete uchunguzi wake mwenyewe, kitu kipya cha kutoka kwao. Niliitaka nafasi ile mpaka nilikuwa naiota. Jioni hiyo tulikula bugali na samaki wa mikeke kwa mama yake, na yeye ndiye aliyesema wa kwanza, kabla sijafungua kinywa:

"Nenda weye. Mi nitangoja. Kazi itakuwa ya kwako, mi nitakusaidia tu."

Mama yake alisikia. Mkumbuke kwamba alisikia.

Kitu kipya sikukitafuta mbali. Mihogo yetu ni ile michungu. Ukiila haijalowekwa vizuri utatapika, na wengine wamekufa. Shimo la mama yangu lililainisha mihogo polepole, kama la kila mtu. Shimo la mama mukwe lilikuwa na sifa hadi Ubwari ng'ambo ya ghuba: wengine wakiwa bado wanangoja harufu ianze, yeye anaopoa, maganda yanaachia yenyewe, uchungu umekwisha. Na shimo langu jipya, nilipomwaga udongo wake, likafanya vilevile. Kijito kimoja, mihogo ya shamba moja, maji yaleyale. Mtu aliyesoma biolojia akiona hivyo, usingizi unamkimbia. Nilimwambia mchumba wangu kwamba ndani ya lile tope kuna mtu anafanya kazi. Akacheka, akasema udongo ni udongo.

Bakteria hana meno wala tumbo. Anatema mate yake nje, mate yanayeyusha chakula, kisha anakunywa supu. Yale mate ndiyo kimeng'enya. Shuleni tulisema anzime, kwa Kifaransa. Kila bakteria ana mate ya aina yake. Mimi nilimtaka yule mwenye mate ya kuachanisha nyama ya muhogo haraka, na baada ya kumpata niyajue mate yenyewe: yanapenda joto gani, yanapenda uchachu kiasi gani, yanachoka lini. Mwaka wa njaa bamama hawangoji shimo, wanapika mihogo nusu michungu na watoto wanaumwa. Kama ningeweza kuyapata yale mate katika chupa, mtu angeyamwagia mihogo yake na kula salama. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoto, na si ndoto ndogo.

Vyombo tulikuwa navyo vya kuchekesha. Darubini moja ya shule, visahani vya kioo, na jeli niliyoipika kwa maganda ya machungwa na unga kidogo niliopewa na maabara ya hospitali. Vyombo nilivichemsha katika sufuria ya presha ya masista. Siku masista wakipika maharage, sayansi ililala. Sindano niliichoma kwa moto wa lutuku, pombe kali ya kienyeji, maana spiriti haikuwapo, na mtaa mzima ukajua kwamba yule mwalimu wa kike ananunua lutuku kwa chupa. Mchungaji alikuja kuongea na mama yangu. Nilimpeleka maabara, nikamwonyesha taa yangu, akaondoka akitikisa kichwa, sijui kama aliamini.

Nilichukua tope kidogo, nikalipunguza kwa maji yaliyochemshwa, nikalipunguza tena, nikapaka kwenye visahani na kungoja. Yakaota madoa mengi, meupe, ya njano, mengine yana kamasi. Nikamwagia iodini ya dispensari. Jeli yote ikawa ya kahawia, isipokuwa kuzunguka madoa machache, ambapo palibaki peupe kama pete. Pale ndipo mate yalipopita. Doa moja lilikuwa na pete pana kuliko yote. Nililitazama mpaka macho yakatoa machozi, na si kwa sababu ya iodini. Nilimwita mchumba wangu kutoka darasani. Aliacha wanafunzi wake, akaja mbio, akanishika bega. Tulimpa yule bakteria jina la "wa mama", kwa heshima ya shimo alikotoka. Siku ile tulipendana kweli, hilo siwezi kulikana hata nikiwa na hasira kiasi gani.

Kumpata lilikuwa jambo moja, kumjua lilikuwa lingine, tena refu na la kuchosha. Nilikata muhogo vipande vidogo sawasawa, nikavitia katika mate yake, vingine katika baridi, vingine katika joto, vingine pamoja na ndimu, nikavichoma kwa sindano kupima kipi kimelegea. Joto alilopenda ni la maji ya kumwogeshea mtoto. Ukichemsha, mate yanakufa. Ndimu kidogo inamfurahisha, ndimu nyingi inamuua. Kazi hii sasa niliifanya peke yangu. Mchumba wangu alikuwa amechaguliwa kuongoza animasyo, zile nyimbo na ngoma za kusifu Chama, na Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka barabara, alibaki uwanjani akiwafundisha watu kukata kiuno kwa ajili ya taifa. Sikumlaumu. Mwalimu aliyekataa alijulikana.

Halafu niligundua jambo ambalo sikulitarajia. Ili bakteria waongezeke upesi, nilianza kuwalisha sukari. Wakanenepa, wakazaana, chupa ikawa nzito kama uji. Nikapima mate: hakuna. Nikawarudishia maganda ya muhogo mchungu, mate yakarudi. Wale niliowaacha kwenye sukari muda mrefu hawakurudi tena. Walisahau kabisa, wakabaki wanene na bure. Sasa, hapa kwetu nani ataweka sukari katika shimo la mihogo? Sukari yenyewe ilikuwa ya kupanga foleni. Kwa hiyo jambo hili hakuna aliyelijua, hata mama mukwe, kwa sababu hakuna aliyewahi kuhitaji kulijua. Ni mtu wa shule tu ndiye angekosea hivyo, maana vitabu vyetu vyote vilisema bakteria hulishwa sukari. Nilimwambia mchumba wangu jioni ileile. Alikuwa anapaka viatu rangi kwa ajili ya gwaride. Alisema, "Ee, muzuri," na akauliza kama nimeiona brashi yake.

Siku ya kwenda Bukavu kuonyesha kazi ikafika, na mimi malaria ikanilaza chini. Nilitetemeka mpaka kitanda kikasogea. Mama mukwe alikuja kunitunza, akaketi kichwani kwangu na kitambaa cha maji. Mchumba wangu akasimama mlangoni, chupa zangu zimefungwa katika sanduku lenye majani makavu, pamba midomoni mwa chupa, nta juu ya pamba, vile nilivyomfundisha. Akasema nisiogope, atafika, ataeleza, atasema kazi ni ya nani, na mimi nilale. Nikalala. Mama yake akamsindikiza hadi barabarani.

Habari nilizipata asubuhi moja mbele ya bendera. Wanafunzi wamepanga mistari, wimbo umekwisha, prefe akapanda juu ya kijiwe chake. Akatangaza kwamba shule yetu imepata heshima kubwa, kwamba chuo kimepokea uchunguzi juu ya bakteria wa mihogo wa Baraka, na kwamba aliyeugundua, sitwayeni wetu mwalimu wa kemia, amepewa nafasi na hatarudi mwaka huu. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Nilipiga makofi kwa mikono miwili, nikitabasamu, kabla masikio hayajapeleka habari kichwani. Mwalimu aliyesimama kando yangu, aliyejua kila kitu, alinishika mikono akaishusha polepole.

Mwezi uliofuata mchumba wangu alituma maneno kwa dereva wa lori. Kwamba mume na mke ni mwili mmoja, chake ni changu. Kwamba kwa wale wakubwa, jina la mwanamke mbele lingeleta maswali. Kwamba nivumilie. Nikavumilia, mjinga mimi! Masika yakapita, tukasikia ameoa huko.

Siku hiyo nilibeba visahani vyote hadi kijitoni na kuvitupa kimoja kimoja kwa nguvu zangu zote. Kisha nikavua viatu, nikaingia majini kuviokota, kwa sababu vilikuwa vya shule.

Kikulacho ki nguoni mwako, wazee hawakukosea. Nilimchukia mpaka chakula kikanishinda. Nilimchukia zaidi kwa ile "muzuri" yake na ile brashi. Lakini mama yake sikumchukia. Aliendelea kunisalimia sokoni, aliendelea kuniita mukamwana hata mbele ya watu waliocheka. Tulikutana kwenye mashimo, tukaopoa mihogo yetu, hatukumtaja mwanawe. Nilijisemea kwamba mtu mmoja katika ile nyumba alinipenda bila hesabu, na huyo nitabaki naye. Nilimhitaji kuwa hivyo. Na bakteria wangu niliendelea kuwatunza, chupa moja ndogo maabara na shimo zima nyumbani, ingawa hakukuwa tena na mtu wa kumwonyesha.

Mama mukwe alipokuja na chungu, nilielewa. Desturi ni desturi: uchumba ukivunjika, udongo unarudishwa shimoni kwa mama aliyeutoa. Ni mambo ya heshima, hayana ugomvi. Ilikuwa asubuhi, bamama wengine wakiwa kwenye mashimo yao. Nilikunja kikwembe, nikaingia katika shimo pamoja naye. Tulichota wote wawili, mikono yetu ikigusana ndani ya tope. Nililia waziwazi, sikujali. Naye alilia. Nilimwambia kwamba kwangu atabaki mama, udongo ukienda au ukibaki.

Chungu kilipojaa, akanawa mikono, akageuka upande, akafungua pindo la kikwembe chake. Akatoa chupa ya kioo. Mdomoni ilikuwa na pamba, imekunjwa vizuri, imeunguzwa kidogo ukingoni. Hapa Baraka hakuna mama anayeziba chupa namna ile. Mama zetu wanaziba kwa gunzi, kwa jani, kwa kitambaa. Ile pamba ilikuwa mkono wangu, niliomfundisha mtu mmoja tu duniani. Akaanza kutia tope ndani ya chupa, kwa kijiko, kwa uangalifu, na chungu chake cha desturi kikabaki kando.

Machozi yalikauka palepale. Nikamuuliza chupa ni ya nani, ingawa nilijua. Hakunificha, hilo nampa.

"Mwana wangu, ile alibeba ilikufa. Inazaa tu, haifanye kazi. Ametafuta, ameshindwa. Amenituma nikuulize: yule wa mu chupa anakulaka nini?"

Kwa hiyo udongo haukuwa unarudi kwao. Desturi yetu ilikuwa imevaliwa kama koti la kuazima, na yule niliyelia naye ndani ya shimo alikuwa ametumwa. Nilikaa juu ya jiwe. Yeye akadhani nimelainika, akaketi karibu, akanishika goti, na kwa huruma, naamini kwa huruma kabisa, akanimalizia.

"Usimukasirikie sana. Ile siku ulikuwa mugonjwa, aliniuliza mu njia. Ni mi nilimuambia aandike jina yake. Nilisema ya mwanamuke itabebwa na ya bwana yake. Nilizani munaoana."

Ee Mungu wangu. Kumbe kitambaa cha maji kichwani kwangu, na kisha barabarani, mkono uleule ukielekeza nani aandikwe. Yeye aliyesikia ahadi kwa masikio yake, tukila mikeke yake. Mwanawe alinisaliti kwa ajili ya nafasi, na nafasi ni kitu, naielewa. Hata mimi niliitaka. Yeye alinisaliti akiwa ananipenda, na mpaka leo hilo ndilo linaloniamsha.

Nilisimama. Nilitaka kupasua ile chupa. Badala yake nikaichukua, nikaijaza tope mwenyewe, nikarudisha pamba yake vizuri, kwa sababu kazi mbaya siipendi, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Kisha nikasema kwa sauti, bamama wote wasikie:

"Mama, udongo ni wenu. Chukueni wote mukitaka. Lakini chakula yake, ile ni ya kwangu. Aje ye mwenyewe. Asimame hapa, aseme mbele ya hawa bamama kazi ilikuwa ya nani, kisha aniulize. Nitamuambia bila kuficha kitu."

Alifunga chupa katika pindo, akabeba chungu kichwani, kikiwa kimejaa, maana hakuweza tena kukiacha. Aliniaga. Hakuniita mukamwana. Alisema, "Basi, mwalimu, mi naenda."

Wale wa kwenye chupa walikufa tena huko Bukavu, au tuseme walinenepa tena. Tulisikia kwa mwalimu mmoja aliyetoka huko. Wakubwa wa chuo walimuuliza yule mchumba wangu wa zamani yale mate ya ajabu yako wapi, akaonyesha chupa nzito kama uji, isiyoweza kulegeza hata kipande cha muhogo. Walimpa ofisi ya Chama badala ya maabara. Mimi nilibaki kufundisha sehemu za ua na mfumo wa damu, mwaka baada ya mwaka, kwa watoto wa wanafunzi wangu.

Alirudi mara moja, kwa matanga ya baba yake mdogo. Alikuwa amevaa abakosti ya kijivu, lile koti la watu wa Chama, amenenepa. Njia ya kwenda kwa wafiwa inapita kwenye mashimo, na siku ile tulikuwapo sote, mikono ndani ya tope. Bamama wakainua vichwa. Walilijua sharti langu, kila mmoja wao; hakuna aliyelisahau. Akasimama juu ya shimo langu. Akatazama mihogo niliyokuwa nikiopoa, jinsi maganda yalivyoachia yenyewe, na nikaona anameza mate. Alifungua kinywa. Nilinyoosha mgongo, nikangoja. Nawaambia ukweli, hasira yote ile, miaka yote ile, ningeitupa majini kwa sentensi yake moja.

"Jambo, sitwayeni," akasema.

"Jambo," nikajibu.

Akarekebisha kola yake, akapita. Aliona afadhali kitu kile kife mikononi mwake kuliko kusema mbele ya wanawake sita wenye matope kwamba kilikuwa changu. Na neno lenyewe lilikuwa fupi tu. Angeuliza, ningemwambia: usimpe sukari.